Kabla Hamjampeleka Mtoto, Mama Yake Amesemaje?

Nakumbuka siku niliyomwiba mwanangu mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Mke wangu Kabula alikuwa amekwenda kisimani na ndoo yake kichwani, na kisima kilikuwa mbali. Mimi niliachiwa mtoto nimtazame. Badala ya kumtazama nikamfunga kwenye kanga, nikatoka naye kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyebeba kuku wa watu. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Jina lake Masanja, na ndiye mzaliwa wangu wa kwanza.

Mwanangu, wewe unayesoma haya, labda una mtoto mchanga ndani ya nyumba, au utampata kesho. Kaa chini nikueleze jambo nililolificha kwa zaidi ya miaka arobaini. Nina hasira, sikufichi. Nusu ya hasira hiyo ni juu ya watu wa siku hizi na midomo yao, na nusu nyingine ni juu ya mzee huyu anayekuandikia.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nachimba dhahabu upande wa Geita. Kwetu ni huku Shinyanga, kijiji cha pamba na ng'ombe, na zamani kwetu wanaume hawakuwa wakitahiriwa. Baba yangu hakutahiriwa, babu yangu hakutahiriwa, na sikuwahi kusikia mmoja wao akilalamika kwamba amepungukiwa na kitu. Lakini machimboni kulikuwa na watu wa kila kabila, na tukitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, tulikuwa tunakwenda kuoga mtoni wote pamoja. Hapo ndipo nilipojulikana. Wakaniita Mkono wa Sweta. Kama hujui maana yake muulize mwenzako pembeni, si maneno ya mzee kukaa anayafafanua.

Aliyenicheka kuliko wote alikuwa Marwa, mwenzangu wa duara moja. Kijana mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto, mkarimu wa chakula na mkorofi wa maneno. Nilipoitwa baba kwa mara ya kwanza, Marwa ndiye aliyenipa pongezi, na papo hapo akauliza kwa sauti yake ile, "Sasa na huyu mdogo naye utamvalisha sweta?" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikacheka, kwa nje.

Kabula alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kwanza, akakaa huko mpaka akapata nguvu, kisha akaja kwangu machimboni amempakata mtoto kwenye kiti cha mbele cha lori la magunia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nilidhani mwanamke wa maneno machache hana mengi ya kusema. Ujana huo, mwanangu.

Pale machimboni tulikuwa na mtu tuliyemwita Dokta. Hakuwa daktari. Aliwahi kufagia zahanati fulani ambayo hakuitaja jina, akaondoka na sindano, bandeji na lugha ya kutisha watu. Alikuwa anang'oa meno, anapasua majipu, na anatahiri. Alinifuata siku mbili tatu na maneno yake matamu. Mtoto akikatwa mapema, alisema, magonjwa ya zinaa hatayajua maisha yake yote. Homa za mara kwa mara zitamkimbia. Atakua haraka. Hata degedege litampita mbali. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Niseme kweli yote leo. Sikumwamini. Nilitaka kumwamini, kwa sababu maneno yake yalinipa sababu nzuri ya kufanya jambo baya nililokuwa nimeshaliamua. Sikuwa nafikiri habari za afya hata kidogo. Nilikuwa nafikiri habari za mtoni. Tena kuna hili la aibu zaidi: Dokta alikuwa ameshaniambia nianze mimi mwenyewe, akanionyesha na wembe, nami nikamwambia nina kazi nyingi kwenye duara. Niliogopa. Kile nilichokiogopa mimi mwenye ndevu zangu, nikampelekea mtoto asiyeweza kusema hapana.

Basi nikampeleka. Kibanda cha Dokta kilikuwa nyuma ya mashine ya kusagia mawe, ile tunayoiita karasha, na ilikuwa inanguruma kiasi kwamba kilio cha mtoto hakikuvuka mlango. Hakuuliza mtoto amezaliwa lini, anaumwa au haumwi, mama yake yuko wapi. Alinawa mikono, hilo nampa. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Akafunga kitambaa, akanikabidhi mwanangu, akasema, "Itakata sasa hivi."

Haikukata. Kitambaa cha kwanza kililowa, akafunga cha pili. Cha pili kikalowa, akanyunyiza unga wake mweupe, akafunga cha tatu. Haikuwa damu ya kuruka, mwanangu, ilikuwa damu ya kuvuja taratibu, isiyo na haraka, kama maji ya mtungi wenye ufa. Nilikaa pale nikisema itakata, itakata. Mtoto aliacha kulia. Mimi mjinga nikafurahi kwamba amenyamaza.

Kabula alirudi akakuta nyumba tupu. Alitupa ndoo akapita machimbo mazima akiuliza, na watu walikuwa wameniona. Alipoingia kwenye kile kibanda alisimama akanitazama, akauliza, "Baba Masanja, umemfanya nini mtoto?"

Nikajibu kwa kifua mbele, "Nimemfanya mwanaume."

Alimchukua, akafunua kanga, akaona vile vitambaa. Akasema, "Kaka yangu. Kaka yangu." Alisema hivyo tu, mara nyingi, na mimi nikadhani anataka nduguye aitwe aje kunipiga. Nilikuwa tayari kupigwa. Dokta alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake.

Marwa ndiye aliyetuokoa. Alimwona Kabula akipita mbio, akatoka kwenye duara na vumbi lake mwilini, na alipoona mtoto alivyopauka hakucheka tena. Alikwenda kusimama katikati ya barabara akatanua mikono, na lori lililokuwa linashuka na magunia ya mpunga likasimama hatua chache mbele ya kifua chake. Dereva akatukana. Marwa naye akatukana, kisha akatupandisha, akapanda na yeye. Mchana ule ule tukafika kwenye hospitali ya misheni.

Pale kulikuwa na nesi mmoja mzee, mwanamke wa Kisukuma, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Alimpokea mtoto akaanza kazi bila hata kutusalimu. Aliagiza hiki na kile, akabana pale palipokuwa panavuja kwa vidole vyake mwenyewe, na akiwa amebana hivyo hivyo akageuka kwa Kabula. Hakugeuka kwangu. Akamuuliza, "Mama, kwenu kuna mwanamume aliyewahi kutoka damu ikakataa kukata?"

Kabula akasema, "Kaka yangu. Aling'olewa jino. Alitoka damu siku tatu, akafa."

"Na mwingine?"

"Mjomba wake mama. Alijikata na shoka mguuni. Mama alikuwa akisimulia."

Mwanangu, nilikuwa nimelala na mwanamke huyo kitanda kimoja miaka miwili. Nilijua anapenda viazi na hapendi dagaa. Sikujua kwamba alikuwa na kaka aliyekufa kwa jino. Sikuwahi kuuliza.

Nesi yule akanigeukia mimi. Sijawahi kutazamwa vile, si kabla wala baada. Akasema, "Na wewe, baba, kabla ya kumkata mtoto ulimuuliza nani?"

Nikasema, "Dokta."

"Dokta alimzaa?"

Nikageuka kumtazama Kabula.

"Ulimuuliza Dokta, ukawauliza rafiki zako, ukaiuliza aibu yako. Mwenye jibu alikuwa kisimani anakuchotea maji ya kuoga. Ungesubiri arudi tu. Ungesubiri ndoo ijae!" Alisema hayo kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa wengine, na ile sauti ya chini iliniumiza kuliko ngumi.

Walihitaji damu. Yangu ilikataa, ya Kabula ilikataa kwa vile alikuwa dhaifu bado, ya Marwa ikakubali. Yule aliyeniita Mkono wa Sweta alilala kwenye benchi akanyoosha mkono wake, akasema, "Chukueni mpaka mchoke." Kabula alimshika kiganja akamwambia, "Wabeja," yaani asante. Kwangu alisema neno moja tu tangu tuingie hospitali mpaka tutoke. Alisema, "Ungeniuliza."

Masanja alipona. Siku ya kuondoka nesi alinivuta pembeni, akanieleza kwa lugha nyepesi. Kuna damu isiyojua kuganda upesi, alisema. Mara nyingi ugonjwa huo hukaa kwa wanawake kimya kimya na kuwaangukia watoto wao wa kiume. Wa Masanja haukuwa mkali sana, ndiyo maana alikuwa hai. "Kwenu hamtahiri," akasema, "kwa hiyo ugonjwa huu ungeweza kujificha kwake miaka mingi. Sasa umeujua. Mtoto huyu akikua mwambie. Na akizaa mabinti, wavulana wa mabinti hao wapimwe damu kabla kisu hakijawagusa. Umenisikia?"

Nikamwambia nimekusikia, mama. Na nilikuwa nimesikia kweli. Sikufanya, basi.

Kabula aliugua akafariki Masanja hajaanza shule. Angekuwa hai angemwambia mwanawe yote. Mimi nilibaki na siri peke yangu, na mtoto alipoanza kuuliza kwa nini watu wa machimboni wanasema aliponea chupuchupu, nikamwambia ni wembe wa yule Dokta, ulikuwa mchafu. Niliona nimejibu vizuri. Kumweleza habari ya damu kungenilazimu kumweleza habari ya kanga, mlango wa nyuma na mama yake kisimani. Nikachagua heshima yangu. Tukarudi huku kwetu, Masanja akakua, goti likimvimba kila akijigonga, mimi nikimwambia ni baridi. Baridi! Shinyanga hii ya jua!

Miaka ikapita. Ulipokuja mpango wa tohara ya kitabibu huku kwetu, nilikuwa nimeshavuka hamsini. Wakafunga mahema karibu na kituo cha afya, wanaume wakapanga foleni, vijana na watu wazima. Nami nikaenda. Ndiyo, nilikwenda, kwa miguu yangu, na saini nikaweka mwenyewe. Binti mmoja mwenye koti jeupe alinikalisha akanieleza kwa utulivu: tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke, inapunguza, haizuii. Kondomu ni ile ile. Uaminifu ni ule ule. Mwanamke wako haimkingi. Na wiki sita usimkaribie, kwa sababu kidonda kibichi ni hatari kuliko kutotahiriwa. Akanifanya nirudie kwa mdomo wangu. Kisha akauliza, "Baba, wewe au ndugu zako mna tatizo la damu kutoganda?"

Upande wangu hakuna, nikamjibu, na ilikuwa kweli. Lakini nilikaa pale nikamwona akilini yule nesi wa miwani ya uzi. Nikajiambia leo nikirudi nyumbani nitamwita Masanja. Nikarudi nyumbani, nikalala, nikajiuguza. Masanja alikuwa ananiletea uji. Sikumwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, usije ukasema mzee huyu anapinga tohara. Sipingi. Ninachokichukia ni kingine, na sasa nakifikia.

Masanja alizaa binti, Milembe. Milembe akaolewa mjini Shinyanga na kijana anaitwa Elisha, dereva wa bajaji, kijana mchapakazi sina neno naye. Mwaka huu wamepata mtoto wa kiume, wakampa jina langu, Bundala. Mtoto ana miezi miwili. Umri ule ule.

Asubuhi moja Elisha akaingia uani kwangu na bajaji yake. Nilikuwa nabangua karanga na Masanja. "Shikamoo babu, shikamoo baba." Tukamwitikia marahaba. Akakaa, akasema kwa furaha, "Babu, nimekuja kuwapa taarifa. Jumamosi tunamfanyia tohara wajina wako. Kuna mtu anakuja hadi nyumbani, anamaliza kila kitu hapo hapo."

Karanga zikanitoka mkononi. Nikamuuliza kwa nini haraka hivyo.

"Siku hizi ni sayansi, babu. Akikatwa mdogo hapati UKIMWI, hapati kansa, mkojo haumsumbui. Nimeiona kwenye simu, mtaalamu kaeleza. Kuna jamaa kwenye kundi letu anabisha, eti ni mpango wa kutumaliza kizazi. Nikamwambia wewe bado uko porini."

Damu ilinichemka. Mmoja kwenye simu anasema kisu kinaponya kila kitu, mwingine kwenye simu hiyo hiyo anasema kisu kinamaliza ukoo, na wote wawili hawajawahi kumwona Bundala! Nikamwambia, "Elisha, huyo mtoto wa miezi miwili, anakwenda gesti gani huko mjini? Ana mwanamke gani wa kumwambukiza? Hata kichwa chake hajaweza kukibeba."

Akacheka. "Babu na wewe! Ni maandalizi ya baadaye."

"Baadaye ina miaka mingi. Kwa nini iwe Jumamosi?" Na kabla hajajibu nikauliza lile lililokuwa linanichoma kifuani. "Milembe anasemaje?"

Elisha akapunga mkono hivi, kama mtu anayefukuza nzi. "Milembe? Ataambiwa. Jumamosi asubuhi anakwenda kikundi chao cha akina mama, akirudi atakuta tumemaliza. Wanawake mnajua walivyo, watalia bure."

Mwanangu, nilisimama. Sikumbuki nilisimamaje na magoti haya. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Nilimwambia Elisha kwamba yeye ni mwizi. Nilimwambia kwamba namjua mwizi wa namna hiyo tangu ujana wake, najua mlango anaotokea na kanga anayomfungia mtoto. Kijana wa watu alibaki ameduwaa, amekaa pale kama aliyemwagiwa maji. Masanja akanishika mkono akasema, "Baba, kaa. Una nini?"

Nikakaa. Nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe: mtoni, karasha, vitambaa vitatu, lori, kaka wa Kabula na jino lake, nesi na maagizo yake. Sikuruka kitu. Masanja alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono wake uko juu ya lile goti. Nilipomaliza akauliza taratibu, "Kwa hiyo haukuwa wembe?"

"Haukuwa wembe."

"Goti hili miaka yote?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Baba, mimi nimekunywa dawa za waganga kwa ajili ya goti hili. Nimemtuhumu shangazi kwamba ananiroga. Shangazi amekufa hatusalimiani." Akapandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimzae. "Na Milembe! Ulimwangalia mwanangu anaolewa, ukacheza ngoma kwenye arusi yake, ukanyamaza? Ulingoja nini, baba? Ulingoja tumzike huyo Bundala?"

Ana haki ya kila neno, na kama kuna mahali ulitaka kujua hasira yangu inaelekea wapi, inaelekea hapo.

Elisha alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitoa simu akampigia mkewe. Nilimsikia akisema, "Mama Bundala, nataka nikuulize jambo," na sauti ilikuwa imebadilika kabisa.

Kesho yake tukaenda hospitali mjini, wote kwenye ile bajaji: Elisha mbele, Milembe na mtoto, Masanja na mimi tumebanana nyuma. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimuuliza Milembe kwanza, tena kwa muda mrefu, na Milembe akaeleza mambo ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Kwamba akijigonga kidogo anavilia damu. Kwamba alipojifungua damu ilichelewa kukata na manesi walihangaika. Kwamba mtoto alipochomwa sindano ya chanjo paja lilivimba siku tano. Elisha alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Wakachukua damu ya mtoto na ya Masanja, ikapelekwa Mwanza.

Majibu yalipokuja yalisema kama yule nesi alivyosema zamani. Masanja anao ugonjwa huo. Bundala anao pia. Daktari akatueleza kwamba tohara si marufuku kwake, ila haifanyiki sebuleni na mtu wa mkoba. Ikifika wakati, itafanyika hospitali kubwa yenye dawa ya kugandisha damu, na haina haraka. Anaweza kungojewa hata akue, aamue mwenyewe. Masanja naye kaandikiwa matibabu ya goti. Milembe alimfunga mwanawe mgongoni, na nje pale kwenye kivuli cha ukuta akaniambia, "Babu, ningerudi kutoka kwenye kikundi, ningekuta nini?"

Hilo ndilo swali ninalokuachia, mwanangu, kwa sababu mimi nalijua jibu lake.

Sasa nisikilize. Sikuambii umtahiri mtoto wako, wala sikuambii usimtahiri. Wenye dini inayowaagiza wana sababu yao na sina ugomvi nao. Wenye kutaka kwa ajili ya afya, nendeni mkaulize kwa watu waliosomea, waambieni wawaeleze faida na hatari, na anayekupa faida tupu huyo mkimbie. Anayekwambia mtoto akikatwa amemaliza na UKIMWI, huyo anakuandalia kijana atakayejiona ana kinga akamuue binti wa watu. Anayekwambia kisu ni njama, naye mwambie alete ushahidi wake au anyamaze. Mtoto wa miezi miwili hana foleni ya kuwahi. Damu yake na ipimwe kama kuna shaka yoyote. Wembe wa nyuma ya nyumba usimguse.

Na kabla ya hayo yote, mwulize mama yake. Usimwambie, mwulize. Mwulize kuhusu kaka zake, wajomba zake, meno yaliyong'olewa, vidonda vilivyochelewa kupona. Kaa chini usikie mpaka amalize. Kama yuko kisimani, msubiri ndoo ijae. Na wewe mzee mwenzangu unayekalia siri ya ukoo kwa sababu inakuvunjia heshima, ifungue leo jioni kabla ya chakula. Heshima yenyewe unayoilinda wajukuu wako ndio wanaoilipia kwa miili yao.

Siku hizi Milembe akija kunisalimia, sinyooshi mikono kumchukua mtoto. Namuuliza kwanza, "Mama Bundala, naruhusiwa kumpakata?" Yeye hucheka, husema, "Babu, mchukue tu." Lakini mimi hungoja mpaka aseme.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie watoto wenye damu nzuri na wasio na damu nzuri uwapende sawasawa. Akupe masikio ya kumsikia mwenye maneno machache. Aibu ya mbele za watu isikutume kitu chochote kwenye mwili wa mtoto wako. Kabula alipo alale pema, na kama wafu wanasikia, asikie kwamba safari hii mama aliulizwa.